Kitambaa Usoni pa Nehalenia

Mmeniletea maua na barua, wanangu, na mimi sijazoea kuletewa maua nikiwa hai. Mnasema nyinyi ni wanagenzi sita wapya wa karakana ya mawe, pale chini ya jumba la makumbusho, na mnataka Bi Zuwena awaandikie kurasa chache za miaka yake thelathini na moja ya kutunza mawe ya kale. "Mambo mazuri ya kukumbukwa," mmeandika. Haya. Mazuri yapo na nitayatia, lakini peke yake hayatoki. Lipo na baya, nitafika kulisema.

Nianze na la kuchekesha. Mawe hulambwa. Mashine zenu za kupima chumvi ni nzuri, ila betri zikiisha mnao ulimi. Aliyenifundisha ni Fundi Dadkarim, Mbaluchi wa Matrah hapa Maskati, mwashi mwana wa mwashi, aliyeajiriwa makumbusho kabla hatujawa hata na chumba cha kufanyia kazi. Siku yangu ya kwanza alinipa vipande vitatu vya jiwe la chokaa, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kupindapinda, "Onja, binti." Nikadhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Nikaonja. Kimoja hakikuwa na ladha yoyote. Cha pili kilivuta ulimi kama udongo mkavu. Cha tatu kilikuwa chumvi tupu.

"Huyo wa tatu mgonjwa," alisema. "Alikaa baharini. Ukimkausha vibaya atakufa mikononi mwako."

Mama yangu aliposikia kwamba nimesomeshwa mpaka chuo kikuu ili nikalambe mawe, alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akaniuliza kama nilipiga bismillahi kwanza.

Ugonjwa wenyewe mtafundishwa kwa michoro. Mimi nitausema kwa maneno ya jikoni. Jiwe la chokaa lina vitundu vidogo visivyoonekana. Likikaa baharini, maji ya chumvi hujaa humo ndani. Likitolewa na kukauka, maji huondoka, chumvi hubaki. Mkiliacha kavu na tulivu, chumvi hiyo hulala. Likipata maji kidogo, chumvi huyeyuka na kupanda juu. Likikauka tena, huganda chini ya ngozi ya jiwe na kuisukuma. Lowa, kauka, lowa, kauka, mwisho ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Kulizamisha jiwe katika pipa la maji miezi mizima na kuyabadilisha kila mara, hiyo ni dawa. Kulipangusa kwa kitambaa chenye majimaji ni sumu. Hapa Maskati hakuna mtu aliyelijua hilo kuliko mimi, na nataka mlikumbuke huku mnaendelea kusoma.

Nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili wazamiaji walitoa nanga ya jiwe baharini karibu na Bustan, ya kale sana, yenye tundu la kupitishia kamba. Fundi Dadkarim alikuwa anakwenda kumzika shemeji yake, akaniachia agizo moja tu: iache ndani ya pipa. Sasa maji ya pipa yalikuwa yameota mwani na yananuka. Na mimi ni mtoto wa nyumba ya Kiunguja, nimelelewa na mwanamke anayefagia uwanja mara tatu kwa siku. Nikaona haya. Nikaitoa ile nanga, nikaisugua, nikaianika kivulini juu ya gunia safi. Ikapendeza kweli! Aliporudi siku ya nne ilikuwa imekatika vipande viwili. Hakunigombeza. Aliketi chini pale pale sakafuni, kichwa mikononi. Kisha alikwenda kwa mkubwa wetu akasema kosa ni lake, kwa kumwacha mwanafunzi peke yake na kazi isiyo ya mwanafunzi. Mshahara wake ukakatwa, na mpaka anaingia kaburini hakunitajia tena ile nanga.

Huyo ndiye aliyenilea. Sina wa kumlaumu kwa nilivyokuja kuwa.

Miaka michache kabla sijastaafu, makumbusho yetu yaliandaa maonyesho ya biashara za bahari za kale, na kutoka Uholanzi yakaja mawe matatu ya kuazima. Yalikuwa madhabahu, kila moja karibu urefu wa mtoto wa miaka mitano, yaliyochongwa zama za Warumi kwa ajili ya mungu wao mke wa bahari, Nehalenia. Alikuja nayo Bibi Marike, mtunza mawe wa kwao, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Nilimpenda siku ya kwanza, kwa sababu aliponiona nalamba kidole nilichogusia vumbi la sandukuni, naye akalamba chake.

Alinieleza habari yake. Wafanyabiashara wa pwani ile walikuwa wakivuka bahari kwenda Uingereza na chumvi, mvinyo, vyungu na mchuzi wa samaki. Kabla ya kuondoka mtu huweka nadhiri kwa Nehalenia: nikifika salama na mali yangu, nitakusimamishia jiwe. Akirudi, hulichongesha. Huandikwa jina lake, kazi yake, kwamba mali ilifika salama, na mwisho herufi nne tu, kifupi cha maneno ya kusema ametimiza nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Baadaye bahari ilikula ufuo na mahekalu yake, na mawe yakalala chini ya maji mpaka wavuvi wa siku hizi wakayanasa kwa nyavu. Nilisisimka. Bibi yangu kule Unguja aliweka nadhiri ya mbuzi mwanawe arudi salama kutoka bara, na alipomchinja yule mbuzi alilia kama vile kafiwa. Kuabudu sanamu sikubaliani nako, na sitokubaliana nako. Hofu ya mtu anayengoja chombo kirudi naijua, imepita nyumbani kwetu.

Madhabahu namba mbili lilikuwa la mfanyabiashara wa chumvi. Nehalenia amekaa kitini, kijoho kifupi mabegani, kapu la matunda mapajani, mguu mmoja juu ya gubeti, ncha ya mbele ya jahazi. Pembeni ana mbwa anayemtazama. Uso wake ulikuwa mzima. Hili ni jambo la ajabu kwa jiwe lililokaa baharini zaidi ya miaka elfu moja. Pua kwa kawaida ndiyo hutangulia. Huyu alikuwa na pua, kope, na mdomo uliobana kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno asiyoyaamini.

Bibi Marike alikaa wiki moja, akatuachia masharti. Mawe yapumzike karakanani wiki sita kabla ya kupandishwa ukumbini. Yasisogezwe bila yeye. Na saa zote za kazi awepo chumbani mtu aliyemo kwenye orodha. Orodha ilikuwa na majina mawili: langu na la Bwana Khalfan, mkuu wa idara, ambaye anajua mawe kama mimi ninavyojua ndege za kivita.

Khalfan mlimkuta? Ukoo wao ulirudi Oman kutoka Tabora, sisi kutoka Unguja, na miaka yote hiyo tulitaniana. Mimi nikimwambia Kiswahili chake kina vumbi la reli, yeye husema, "Nyinyi watu wa Unguja mnalivuta neno mpaka linachoka. Sema khalas, basi, tuondoke." Si mtu mbaya. Nalisema mapema msije mkamhukumu yeye.

Wa tatu mle chumbani alikuwa Mwende. Hakuwa kwenye orodha kwa sababu alikuwa mfanyakazi wa usafi, wa kampuni ya nje, Mkamba kutoka Kitui, mwenzangu kwa umri, tumepishana miaka miwili. Alilala na wenzake wanane katika nyumba ya kampuni huko Hamriya. Mwende alikuja na ndoo na ufagio, lakini ana mikono, wanangu. Mimi nimefundisha watu wenye shahada wasioweza kushika brashi kavu bila kuikandamiza. Yeye nilimwonyesha mara moja tu. Mwaka ule ule nilipeleka jina lake kwa Khalfan achukuliwe mwanagenzi wa karakana, atoke kwenye kampuni, awe mtu wa makumbusho. Khalfan alikubali. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, inangoja sahihi moja.

"Madam, usinidanganye," aliniambia siku nilipompa habari hiyo. "Mimi kushika hizi mawe, na kitambulisho yangu imeandikwa usafi?"

"Wallahi, sikudanganyi. Mwezi ujao utakuwa na kitambulisho kingine."

Aliondoka kwenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akajifanya anamsema Nehalenia. "Na huyu mama amekaa tu kama mtu anangoja gari. Na mbwa yake ya kienyeji!"

Tulikuwa tukila pamoja mchana. Mimi nikileta mkate wa kumimina, yeye chapati, na kila mmoja akidai cha mwenzake ni kikavu.

Sasa la sala. Kwa kuwa sikuruhusiwa kutoka chumbani na kuyaacha mawe, niliswali mle mle, adhuhuri na alasiri, maana siku zile tulikaa mpaka jioni. Nafasi ya kutandika mswala ilikuwa moja tu, na mbele yake, upande wa kibla, ndipo lilipowekwa madhabahu namba mbili. Kulisogeza hakuruhusiwi. Kuswali huku nimeelekeana na sura ya sanamu moyo wangu haukukubali. Wengi wetu tungefanya nililofanya: nilimfunika uso.

Siku ya kwanza nilimfunika kwa kitambaa kikavu cha pamba. Niko kwenye sijida, kikateleza. Nilipoinua kichwa uso ule ulikuwa unanitazama, na nilishtuka kiasi cha kuirudia rakaa. Siku ya pili nilikuwa nimetoka kutia udhu kwenye sinki la pembeni, nimejifuta uso na mikono kwa kitambaa, nikakitupia kile kile. Kikaganda. Kitambaa chenye majimaji hakitelezi, kinashika pua na mashavu vizuri. Nikaswali kwa utulivu. Nilipomaliza nikakiondoa, nikaona jiwe limekuwa jeusi kidogo, na baada ya robo saa likarudi rangi yake.

Mnaniuliza: wewe Bi Zuwena, uliyeipasua nanga ya Bustan, uliyetufundishia walimu wetu, hukuona? Nimejiuliza hivyo usiku na mchana. Ningemwona mtu mwingine anafanya vile ningempiga kelele mpaka Matrah wasikie. Lakini nikiisha kutia udhu nilikuwa nimeiweka kazi kando. Mkono uliotupa kitambaa ulikuwa mkono wa mtu anayekwenda kuswali, haukuwa wa mtunza mawe, na jiwe mbele yangu lilikuwa kizuizi tu. Dakika kumi, nilijiambia siku moja mawazo yaliponijia. Dakika kumi hazina neno. Mara mbili kwa siku, siku kumi na tisa za kazi.

Mwende alikuwa akizima mashine ya kufyonza vumbi nikianza kuswali, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kimya, mpaka nitoe salamu.

Jumapili moja asubuhi, baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, nilifungua mlango nikaona kitu cheupe juu ya meza, chini ya kidevu cha Nehalenia. Nikadhani ni vumbi la dari. Nikasogea. Mashavu yalikuwa yameota unyoya mweupe, mwembamba, kama ukungu wa mkate. Nilichukua brashi laini kuliko zote na kugusa. Pua ikatoka na brashi. Nikasimama nimeishika pua ya watu kwenye manyoya ya brashi, na shavu la kushoto likashuka taratibu peke yake mpaka mezani.

Nililamba kidole. Chumvi.

Nilijua saa ile ile. Sitaki mseme labda hakujua. Alama ya weupe ilikuwa na umbo la kitambaa: ilianzia kwenye paji, ikaishia kidevuni. Kapu la matunda lilikuwa zima, mbwa mzima, maandishi mazima.

Mwende akaingia na ndoo yake. "Woi! Madam! Imekuwaje?"

"Sijui," nikasema.

Basi ndivyo lilivyoanza, na kutoka hapo kila neno lilikuja limeshikana na hilo.

Bibi Marike tulimpata kwenye skrini. Alituomba tusogeze kamera karibu, kisha akauliza vipimo vya unyevu wa chumba. Vilikuwa vizuri, mstari umenyooka wiki zote. "Basi maji hayakutoka hewani," akasema. "Kuna mtu ameleta maji." Hakutaja jina. Aliomba ripoti ya kitaalamu ya sababu, na mtaalamu wa kuiandika alikuwa mmoja tu.

Niliiandika siku mbili. Sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi mnayoingia. Hakuna sentensi hata moja ya uongo katika ripoti ile. Niliandika kwamba uso wa madhabahu namba mbili ulilowa maji matamu mara kwa mara kwa kitambaa. Niliandika jinsi chumvi ilivyopanda na kuganda. Nilichora mpaka wa kitambaa kwa vipimo. Ni ripoti nzuri, pengine bora kuliko zote nilizoandika. Na ukurasa wa nne, kwenye mstari wa aliyehusika, niliandika: mtu asiyejulikana.

Khalfan aliisoma akiwa amesimama. "Kitambaa na maji," akasema. "Bi Zuwena, ukhti, humu ndani nani anaingia na kitambaa na maji?"

 Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anaitazama ndoo.

Walimwita Mwende mbele ya watu watatu, na mimi wa nne, nimekaa upande wao kama mtaalamu. Khalfan alimuuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa.

"Mama, umewahi kumfuta yule sanamu uso? Hata mara moja? Useme tu, si dhambi."

"Sijaguza, boss. Hiyo mawe sijawahi kuipeleka maji. Madam alinifunza, maji ni mbaya."

"Labda ulisahau?"

"Sijaguza."

"Basi nani? Mle ndani mna wewe, mimi na Bi Zuwena. Umemwona mtu?"

Hapo Mwende alinitazama. Nimejaribu mara nyingi kuyasoma macho yale. Hayakuwa na hasira. Aliningoja, ndivyo nionavyo sasa. Mimi nikaishusha miwani yangu, nikaanza kuifuta.

"Sijaona mtu," akasema.

Mtu wa kampuni akaambiwa. Barua ya unagenzi, ile iliyongoja sahihi, ilichanwa mbele yangu, na Khalfan akanipa pole mimi kwa kudanganywa na mtu niliyemwamini. Baada ya siku tano Mwende akapandishwa ndege. Kampuni iliandika katika karatasi zake kwamba ameharibu mali ya kale ya wageni, na kwa maneno hayo hakuna atakayemchukua tena kazi huku Ghuba. Siku ya mwisho alishuka karakanani kurudisha aproni. Nilimsikia kwenye korido, nikaingia chumba cha kemikali na kujifungia mpaka nikasikia lifti imepanda. Aproni niliikuta kwenye kigoda chake, imekunjwa pembe kwa pembe.

Mtauliza nilikuwa naogopa nini. Nilijiambia naogopea dini. Nilijiambia magazeti ya Uholanzi yataandika kwamba Mwislamu ameilowesha sanamu makusudi ili aivunje, kwamba baada ya hapo hakuna nchi itakayotuazima hata kigae, na kwamba wanawake wa nyuma yangu watafungiwa mlango wa karakana. Yote yangeweza kutokea. Lakini mimi nilikuwa nauvalisha uoga wangu buibui tu ili uonekane wa heshima. Niliogopa kuwa mtu aliyekosea mwisho wa kazi yake. Nilitaka kustaafu na jina langu. Mwenyezi Mungu hakuniamuru nimfunike mtu mwingine kwa kosa langu, na Fundi Dadkarim, asiyejua kusoma, aliwahi kunionyesha mtu anavyofanya.

Maonyesho yalifunguliwa na madhabahu mawili. Watalii waliteremka kutoka meli kubwa pale Bandari ya Sultan Qaboos, wakaja wengi, wakapiga picha. Lile namba mbili lilirudi kwao sandukuni, na pua ndani ya kichupa cha kioo, na unga wa mashavu kwenye bahasha. Siku ya kuniaga nilipewa ngao iliyoandikwa uaminifu na umakini. Nimeitia kabatini chini ya mablanketi.

Nilikaa miaka miwili nyumbani. Swala zangu zilikuwa zinanishinda. Kila nikisujudu nauona uso ule, na tena siyo ule mzima. Mwisho nikamtafuta mmoja wa wale wanawake wa Hamriya, akanipa namba ya Mwende. Nilipiga asubuhi. Kulikuwa na kuku wanapiga kelele upande wa pili.

"Madam Zuwena!" Alifurahi. Hilo liliniumiza kabla ya yote. Akaniuliza afya, akaniuliza watoto, akaniuliza kama bado nakula ule mkate mkavu.

Nikamwambia. Nilisema yote bila kupumua: kitambaa, udhu, siku kumi na tisa, ripoti.

Kuku waliendelea. Kisha akasema, "Najua, madam. Nilijua hiyo Jumapili."

"Ulijua?"

"Si nilikuwa nakaa hapo kwa mlango? Kila siku nilikuona ukimfunika. Na ni wewe ulinifunza maji ni mbaya. Nilifikiria, labda ya sala ni tofauti. Labda yeye ni mkubwa, anajua."

"Na walipokuuliza? Kwa nini hukusema, Mwende?"

"Ningesema nini? Kwa hiyo meza, hao wazee wote? Mimi Mkristo, mwanamke wa ndoo, niwaambie ati sala ya madam ndio imekula mawe ya wazungu? Katika nchi ya watu?" Akamfukuza kuku mmoja. "Na hata wewe ungeniita muongo."

"La! Haki ya Mungu, nisingeku—"

"Ungeniita, madam."

Nilifunua mdomo kukana tena. Nikayaona macho yale mezani, nikaiona miwani mkononi mwangu. Ningemwita. Kwa sauti ya upole, na istilahi za kitaalamu, ningemwita muongo, na wangeniamini.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Pole hakuitaka, alisema anazo za kutosha. Alitaka iandikwe. "Pahali waliandika ni mimi, waandike si mimi. Watu wa kwetu wanajua nilifukuzwa juu ya kuvunja kitu."

Nilikwenda makumbusho na barua mkononi. Khalfan amekwisha kuhamia wizarani. Aliyekaa kiti chake ni kijana, anaongea nami kwa adabu, ananiita shangazi. Aliisoma, akaniambia faili limefungwa, Waholanzi wameridhika, jiwe limetengenezwa kadiri ilivyowezekana, na jina la Mwende kwenye ripoti yetu halimo. Ni kweli, halimo. Liko katika karatasi za kampuni tu, na kampuni hiyo imekwisha kufungwa. "Shangazi, mbona unajitafutia makubwa? Pumzika," alisema. Nilikwenda mara ya pili. Mara ya tatu nikaambiwa yuko mkutanoni.

Wiki ile ile yakaja maua yenu.

Nafasi sita za unagenzi mlizopewa, mmoja wenu amekalia ya Mwende. Simjui ni nani na hana kosa. Ila nyinyi mna kitu ambacho mimi sinacho tena: mna funguo za kabati la mafaili. La maonyesho ya bahari ni la kijani, rafu ya chini, madhabahu namba mbili. Fungueni ukurasa wa nne. Mtaona mwandiko wangu, mzuri, umenyooka, na maneno mawili, mtu asiyejulikana. Yakateni kwa kalamu ya wino, mstari mmoja, yaendelee kusomeka. Juu yake andikeni Zuwena binti Nassor, mtunza mawe. Chini yake andikeni kwamba Mwende, mfanyakazi wa usafi, hakuligusa, na kwamba alikuwepo, aliona, na aliulizwa. Kisha upigeni picha ukurasa huo mniletee, maana nimemwahidi kumpelekea, na kila Ijumaa ananiuliza kama tayari.